Nyati Aliyekunywa Maji

Nyati alitoka kwenye vumbi akiwa ameinamisha pembe, na mchanga wa Kuba la Picha ukatetemeka chini ya miguu ya Mwajabu Ntandu. Hakukimbia. Alimsubiri mpaka akayaona mate yanayomning'inia mdomoni, ndipo akajitupa pembeni na kumzamishia mkuki nyuma ya bega. Ncha yake ya baruti ilipasuka ndani kwa ndani. Damu ikamrukia Mwajabu usoni, ikamwingia machoni na mdomoni. Nyati alipiga magoti, akajaribu kuinuka, akaangukia ubavu huku kwato zikichimba mchanga. Mwajabu alimpanda shingoni na kupiga ule ukelele uliompa jina nchi nzima.

"Kata!" ilisema sauti ya Ndahani, mwongozaji, katika kidude cha sikioni. "Dada, leo umeua kweli!"

Nzige-picha, vile vikamera vinavyoruka kwa makundi, vilirudi kwenye tundu zao darini. Mkono wa chuma ukashuka, ukamkamata nyati miguu ya nyuma na kumburuta nje kabla vumbi halijatulia. Mwajabu alinawa, akavua ngozi ya chui ya bandia, akaenda kula maharage.

Naam, maharage. Huyu Binti Mkuki, ambaye kila Ijumaa jioni Dodoma ilikuwa ikifunga maduka ili imtazame akitoboa wanyama, hakuwa amegusa nyama tangu akiwa msichana wa shule. Baba yake, Mzee Ntandu, alikuwa mchinjaji kule Singida, na binti alikulia kwenye ua ulionuka damu. Hakumchukia baba yake kwa kazi ile, lakini yeye hakuiweza. Aliamini, na alisema hadharani bila kupepesa macho, kwamba binadamu hana ruhusa ya kumuua mnyama kwa kujifurahisha. Watu walimcheka sana mitandaoni. Walimwuliza ni maharage gani hayo yanayompa mtu nguvu ya kuua nyati kila Ijumaa.

Jibu lake lilikuwa moja: wanaokufa ni mitambo. Mkataba wake ulisema hivyo waziwazi. Mnyama-mtambo ana mifupa ya chuma, nyama ya mpira na damu iliyochanganywa maabara. Ncha ya mkuki humzima kama mtu anavyozima taa, mafundi humshona, na kesho yake anasimama tena, mzima kama jana. Kwa hiyo Mwajabu aliua bila kuua, akalala usingizi wake vizuri.

Watazamaji nao hawakuwa watu wa kukaa tu na kuangalia. Kila mmoja alivaa fulana ya mapigo, vazi linalobana kifua na kukidunda kwa mapigo ya moyo yanayotoka kule kwenye mchanga, ya mwindaji na ya mnyama kwa pamoja. Wengine walizimia sebuleni kwao na kesho yake wakajisifu kazini.

Msimu uliotangulia wanyama-mitambo walikuwa wameboreshwa. Walianza kunuka mavi na jasho. Ndahani alieleza kwamba harufu imeongezwa makusudi, waigizaji wasisahau kwamba wako porini. Kisha ikapigwa marufuku kuwagusa nje ya tukio, eti wanapiga shoti. Mwajabu aliamini yote hayo. Tuseme ukweli, aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Tukio la mwisho la msimu lilipangwa lirushwe moja kwa moja hewani. Siku hiyo nyati jike alisimamishwa katikati ya mchanga, miguu imeganda kwa amri ya mitambo. Mbele yake walisimama Mwajabu na Yuda Msengi, mwigizaji aliyekuwa akicheza kama mbeba mikuki wake, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. Taa kubwa zikagoma. Wakaambiwa wasubiri palepale, na joto la kuba likawa la kupikia ugali.

Karibu na Mwajabu palikuwa na ndoo ya maji ya kunawia damu. Aliitazama, akamkumbuka baba yake, ambaye hakuwahi kumlaza machinjoni mnyama mwenye kiu. Maji kwanza, alikuwa akisema, hata kama foleni ya wateja imefika barabarani. Kwa mzaha tu, Mwajabu akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka chini ya pua ya nyati.

"Kunywa basi, mama. Siku yako ndiyo hii."

"We!" Yuda alicheka. "Utaunguza nyaya za watu, ohoo!"

Nyati alinusa. Akaingiza mdomo ndani ya ndoo, akaanza kuvuta maji. Koo lilipanda na kushuka. Alikunywa mpaka ndoo ikakwaruzwa na ulimi, akainua kichwa, maji yakimchuruzika kidevuni.

Yuda aliacha kucheka.

"Yuda, mtambo unakunywa maji?"

"Labda na hiyo wameiongeza, dada."

Mwajabu alisahau marufuku yote. Alimwekea nyati kiganja shingoni, na hakuna shoti iliyompiga. Ngozi ilikuwa ya moto na chini yake moyo ulikuwa ukienda mbio. Nyuma ya sikio vidole vyake vikagusa kitu kidogo cha duara, laini, kilichovimba. Alikuwa ni kupe, amenona kwa damu. Hakuna fundi duniani anayetengeneza kupe. Juu kidogo, chini ya manyoya, ulipita mshipi wa chuma uliopigiliwa kwenye fuvu.

"Ndahani," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu ni mzima."

Ndahani alikuwa ameuona mkono wake kwenye mshipi. "Lile ni taji la amri tu, dada. Halimuumizi. Linamwambia simama, linamwambia kimbia."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Unielewe. Moyo wa mtambo unadunda sawasawa kama saa ya ukutani, watu walikuwa wanavua fulana zao na kwenda kulala. Wanataka hofu, na hofu haina kiwanda."

"Nimeua wangapi?"

"Wewe umeigiza tu. Tulioua ni sisi."

"Kwa mkono wa nani?"

Taa zikawaka. Nzige-picha wakamwagika kutoka darini wakivuma. "Tuko hewani," Ndahani alisema. "Inua mkuki."

"Simuui."

Mwajabu aliutupa mkuki mchangani mbele ya nchi nzima. Akapaza sauti akawaambia watazamaji kwamba mnyama huyu ni hai, na kwamba wote waliouawa tangu msimu uliopita walikuwa hai. Alidhani hapo mambo yamekwisha.

"Samahani, dada," Ndahani alisema, akabonyeza amri.

Nyati alitoka kama aliyechomwa moto. Mwajabu aliruka, lakini Yuda alikuwa ameduwaa. Pembe ikamwingia pajani, ikamwinua juu na kumtikisa kama kitambaa, kisha ikamtupa. Aliposhuka, mfupa ulisikika ukivunjika. Alipiga kelele akimwita mama yake. Nyati akageuka, akainamisha kichwa na kumrudia.

Mwajabu hakufikiri. Aliuokota mkuki na kuutupa kwa nguvu zake zote, lakini aliuachia kabla ya kulenga, ukaingia chini sana, mbavuni. Ncha ikapasuka mahali pasipo pake. Upande mzima wa mnyama ulifunguka, mapafu yakaonekana yakivimba na kunywea, na nyati akaanguka hatua chache kutoka miguuni mwa Yuda. Hakufa. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha ndama.

Mwajabu alifungua mkanda wake, akaufunga kwenye paja la Yuda kwa meno na mikono mpaka damu ikapungua kuruka. Hakuna tabibu aliyeingia. "Tulikuwa hewani," watu wa Ndahani walijitetea baadaye.

"Mkuki wa pili uko kulia kwako," alisema Ndahani. "Mmalizie, dada, anateseka."

Alikuwa anateseka kweli, na hilo ndilo lililomuuma Mwajabu kuliko yote. Mkuki wa pili ungempasua tu upande mwingine. Mguuni alikuwa amefunga kisu cha kuchunia, chenye makali halisi kwa sababu nzige-picha hawadanganyiki. Alikichomoa, akakificha nyuma ya mgongo. Akazunguka kwa nyuma ili jicho la nyati lisikione. Alipiga magoti, akalifunika jicho hilo kwa kiganja, akaivuta ile shingo nzito kuelekea kaskazini, upande wa kibla, kadiri alivyoweza. Midomo yake ikatamka alichokuwa akikisikia kila alfajiri ya utoto wake.

"Bismillahi, Allahu akbar."

Alikata mara moja, kwa kina, bila kuinua kisu. Damu ya moto ikamjaa mapajani. Nyati alipiga teke, akapiga tena, kisha miguu ikawa inatetemeka tu. Mwajabu hakuutoa mkono wake kwenye lile jicho mpaka mwili wote ukatulia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa.

"Mungu wangu," Ndahani alinong'ona. "Hakuna hata mmoja aliyevua fulana. Hili nisingeweza kukuandikia."

Mwajabu aling'oa kidude sikioni na kukiponda kwa jiwe.

Haikusaidia kitu. Watu walishangilia mpaka mabarabarani. Walidhani hotuba yake ni sehemu ya mchezo, wakasema hawajapata kuona mwigizaji wa namna hiyo. Yuda alikatwa mguu. Fulana za mapigo ziliisha madukani.

Juma hilohilo Mwajabu alikwenda Singida. Alimkuta Mzee Ntandu amekaa kizingitini, redio mapajani, macho mekundu. Siku ya tukio jirani alikuwa amemwita aje kumtazama mwanawe hewani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee hakusogea kumpisha. "Kisu ulikificha. Nimeona."

"Ndiyo baba."

"Midomo ilicheza, ila sauti haikutoka. Ulisoma?"

"Nilisoma, baba. Nilisoma yote."

"Basi huyo umemchinja, na Mungu anajua kwa nini." Alizima redio. "Hao wengine je?"

"Sikujua, baba. Wallahi sikujua kama wako hai."

"Hukujua." Mzee aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyokwisha kukakamaa kwa uzee. "Mimi nimechinja maisha yangu yote, Mwajabu. Sijapata kumchinja hata mmoja ambaye sikumshika kwanza."

Akanyanyuka polepole, akaingia ndani kutia udhu. Mlango aliuacha wazi, lakini hakumwambia apite.