Mashine Iliyofungiwa Kabatini

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akampokea mdogo wake kutoka mgongoni kwa bibi. Jina hilo alipewa na bibi huyohuyo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Habari yoyote ya mtaani ilipita kwake kwanza.

Mama yake alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare. Alikuwa amerudi kazini mtoto angali mdogo, kwa hiyo alikamua maziwa ili bibi amnyweshe mtoto mchana kwa kikombe. Nyumbani palikuwa na pampu mbili za kukamulia. Moja ilikuwa ya mkono, yenye kishikio cha kubinya. Ya pili ilikuwa ya umeme, zawadi mpya kutoka kwa mama mkubwa, na mota yake haikuzidi kipande cha sabuni. Mama alikuwa akizijaribu zote mbili kabla ya kuamua ataenda na ipi kazini.

Ile ya umeme ilifanya kazi upesi, ila ilinguruma. Jioni moja mwenzake Chiriku wa dawati alikuja kuazima rula, akausikia mlio ule dirishani, akauliza ni nini. Chiriku, ambaye siku zote alikuwa na jibu, akajifanya anatafuta rula. Mwenzake akachungulia, akaona, akaondoka ameziba mdomo. Kesho yake darasani swali lilikuwa moja tu: eti kwao wanafuga ng'ombe wangapi? Wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hakumwambia mama. Aliona haya hata kusema kwamba anaona haya. Siku ya kliniki ilipofika, shule ikiwa imefungwa, alimsindikiza bibi kumpeleka mtoto kupimwa uzito. Bibi alikuwa na masikio mazito, kwa hiyo maneno ya nesi yaliletwa nyumbani na Chiriku. Jioni mama alipouliza wameambiwa nini, Chiriku akasema mtoto ameongezeka uzito, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akaongeza la kwake, bila kumtazama mama usoni.

"Nesi amesema pampu ya umeme inapunguza maziwa. Utumie ya mkono."

Mama alishangaa kidogo, lakini kwake neno la nesi halikuwa na mjadala. Aliiosha mashine, akaikausha, akaifungia kabatini. Chiriku akashusha pumzi.

Nafuu hiyo haikudumu. Mama alishinda akibinya mkasi mzito tangu asubuhi, na mapumziko ya chai yalipofika mkono uleule ulitakiwa kubinya pampu. Alijifungia stoo katikati ya majora ya vitambaa, na kengele ililia hajamaliza hata upande mmoja. Maziwa aliyoleta nyumbani yakawa kidogo. Bibi alimwimbia mtoto nyimbo zote alizozijua, lakini mtoto hakutaka nyimbo, alitaka maziwa. Chiriku aliyaona hayo yote, na kila alipotaka kusema ulimi ulikuwa mzito. Bibi akamtania, mbona siku hizi chiriku wetu halii?

Siku moja mama alirudi mapema, anatetemeka kwa homa, titi moja limevimba na kuwa jekundu. Chiriku akambeba mtoto, wakaenda kliniki. Ndani ya chumba cha nesi alijibanza karibu na mzani, akiomba moyoni habari za pampu zisiguswe.

Zikaguswa. Nesi, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba, alimpima mama na kusema maziwa yamekaa titini muda mrefu bila kutoka, ndiyo maana pamevimba. Akauliza anakamua kwa kutumia nini. Mama akajibu kwa upole kwamba aliufuata ushauri wake, akaiacha mashine.

"Ushauri wangu?" nesi akauliza. "Mimi nimesema hivyo lini?"

Mama aligeuka polepole akamtazama Chiriku. Chiriku alihisi uso wake unawaka moto. Angeweza kumsingizia bibi, aseme ndiye aliyesikia vibaya, na wazo hilo lilimpitia. Lakini mdogo wake alikuwa ameishika kola ya gauni lake, anainyonya kwa njaa.

"Si nesi, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Walinicheka shuleni kwa sababu ya ule mlio."

Akalia. Kuchekwa darasani kulikuwa mchezo tu mbele ya aibu hii.

Nesi hakumkaripia. Alimpa mama dawa, akamwagiza aendelee kumnyonyesha mtoto, kisha akaeleza kwamba pampu ya mkono ni nyepesi, haitaki umeme, na humfaa mama anayekamua mara mojamoja. Anayeshinda kazini kila siku, tena kazi ya kuchosha mkono, ya umeme humpunguzia muda na maumivu.

"Zote ni nzuri zikioshwa vizuri," alisema. "Mama huchagua kwa kuangalia kazi yake na mwili wake. Ila hawezi kuchagua vizuri kama amedanganywa."

Nje, mama aliketi kwenye benchi akamnyonyesha mtoto. Chiriku alisubiri kugombezwa.

"Hata mimi naona haya, mwanangu," mama akasema hatimaye. "Wenzangu hunitania nikiingia stoo. Ungeniambia tu kwamba unaona haya, ningefunga dirisha."

Chiriku akainamisha kichwa. Hakuwa amewahi kulifikiria dirisha.

"Kuona haya si kosa. Kosa ni kuifunika haya yako kwa uongo, halafu mzigo akaubeba mtu mwingine. Safari hii aliyeubeba ni mdogo wako, ambaye hajui hata kusema. Siku nyingine niambie mimi, tuone la kufanya."

Mama alipona, na mashine ikatoka kabatini. Chiriku ndiye aliyekuwa akiviosha vifaa vyake kila jioni. Mwenzake wa dawati alikuja tena kuazima rula, mlio ukasikika, na masikio ya Chiriku yakapata moto kama mwanzo.

"Mama anamkamulia mdogo wangu maziwa," akasema.

"Kumbe," mwenzake akajibu, akachukua rula.

Dirisha lilikuwa wazi. Mama alikuwa amelifunga, na Chiriku ndiye aliyelifungua, kwa sababu ndani kulikuwa na joto.