Hukujifungua, Ulifunguliwa

Mimi nauza akara, yaani bajia za kunde, kwenye kona ya mtaa wetu hapa Benin City. Saa kumi na mbili asubuhi mafuta yangu yameshapata moto. Wateja wangu wengi ni wanawake, na wanawake wakisubiri akara hawasubiri kimya. Wanawasema watu. Kwa miaka miwili walinisema mimi, tena mbele yangu, huku wameninyooshea bakuli niwapimie.

Kosa langu lilikuwa moja. Mwanangu Osagie alizaliwa kwa upasuaji.

Kanisani kwetu kila mjamzito huombewa azae kama wanawake wa Kiebrania, wale wa kwenye Biblia waliozaa kabla mkunga hajafika. Ukipasuliwa, watu wanasema una dhambi umeificha, au ulikuwa mvivu wa kusukuma. Mimi nilihangaika na uchungu siku nzima na usiku kucha. Nani aliniuliza? Siku ya kumtoa mtoto kanisani, mama mkwe wangu alinitazama mbele ya wageni akasema, "Itohan, wewe hukujifungua. Ulifunguliwa."

Watu wakacheka. Hata mume wangu Nosa alicheka kidogo, na kicheko chake kidogo kiliniuma kuliko vya wengine vyote.

Nilinyamaza. Aliyenitoa kwenye kunyamaza ni wifi yangu Esohe, binti wa mwisho wa mama mkwe. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, inakaribia miezi tisa. Sista Omosede, mkunga wa kliniki yetu, alimpima akamwambia mtoto amelala kukingama. Walikuwa wamesubiri ageuke, hakugeuka. Sasa lazima apasuliwe, na tarehe ameshapangiwa.

Esohe alitoka kliniki akaja moja kwa moja kwenye kona yangu. Akaniambia hataenda. Atajifungulia kwenye nyumba ya maombi, wanakozalisha kwa sala bila daktari. Mama yake ameshamtafutia nafasi.

"Wifi, usikasirike," akasema. "Lakini sitaki kuitwa vile unavyoitwa wewe."

Akara zangu ziliungua zote siku ile. Kumbe maneno yale hayakuishia kwangu. Yalikuwa yanatafuta mtu wa kuua.

Nilimsihi, nikamfokea. Nosa naye alizungumza naye. Hakusikia la mtu. Zilibaki siku kumi na mbili.

Hapo ndipo niliposema, basi, nitatengeneza filamu. Nitawaaibisha wote walionisema, mji mzima uwaone. Jumapili nikaficha simu kwenye mkoba, nikamrekodi mama mkwe akimsema mama mmoja pale kanisani. Jumatatu nikawarekodi wanawake wa foleni ya akara. Nikampelekea Osahon, jirani yetu anayepiga video za harusi, anikatie na kuniungia vipande.

Osahon alitazama dakika mbili, akazima.

"Mama Osagie, hawa wanajua umewarekodi?"

"Kwani wao waliniomba ruhusa ya kunitukana?"

"Basi mimi sigusi."

Nilimwita mwoga. Alinivutia kiti, akanieleza taratibu. Ukitaka kumpiga mtu picha, kwanza mwambie filamu yako inahusu nini. Mwambie nani wataiona. Akikubali, umwonyeshe yeye kabla ya wengine. Akisema mnitoe, anatolewa. Kinyume cha hapo umemtegea mtego tu.

"Halafu hii haitamsaidia wifi yako," akasema. "Akiona mama yake anaaibishwa, atasimama na mama yake. Wewe usingesimama na wako?"

Nilikasirika zaidi, kwa sababu alisema kweli. Nikafuta kila kitu, nikaanza upya.

Osahon akanifundisha. Simu ilazwe, isisimame. Mtu akae karibu na dirisha, mwanga umpate usoni. Jiko lizimwe, maana mlio wa mafuta unameza sauti. Akaniazima kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. Mwisho akaniambia jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa gumu kuliko yote.

"Ukishauliza, nyamaza. Mtu akimaliza kujibu, usiseme kitu. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Jibu la kwanza ni lile alilozoea kuwapa watu. La pili ndilo lake."

Niliwaomba wanawake wanne wa foleni. Wawili walikataa, nikawaacha. Wawili wakakubali. Wa kwanza alisema maziwa yake hayakutoka, na mawifi zake wakamwambia anaringia matiti. Wa pili ndiye aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote pale kwenye kona. Alisema alimwacha mtoto kwa bibi yake akaenda kutafuta kazi Lagos, na mpaka leo ndugu wanamwita mama wa jina tu. Mimi nahesabu, yeye analia. Na huyu alikuwa akinicheka kila asubuhi.

Kisha nikaenda kwa mama mkwe. Nikamweleza wazi: ni filamu ya akina mama na maneno ya watu, na Esohe ataiona. Alifurahi. Alivaa shanga zake za marijani, akaketi dirishani amejinyoosha.

Nikamuuliza, "Mama, watoto wako uliwazaaje?"

"Saba," akasema. "Wote kwa nguvu zangu. Hakuna kisu kilichonigusa. Ninyi wa siku hizi mnaogopa uchungu."

Nilikuwa na majibu kumi mdomoni. Nikauma meno, nikahesabu. Nilipofika kumi na nne, mama mkwe aligeuka akatazama nje.

"Walio hai ni wanne," akasema. Akashika shanga zake. "Wa tatu alilala kukingama. Siku mbili. Mkono ulitangulia. Alikuwa wa kike. Wakasema sina imani."

Mtadhani nilimwonea huruma. Huruma ilikuja baadaye. Saa ile nilipandwa na hasira. Kumbe anajua! Anajua kusemwa kunavyouma, na bado alinisema. Anajua mtoto aliyekingama anafanya nini, na bado anampeleka binti yake kulekule.

Nikazima simu.

"Mama, na Esohe je?"

"Ataombewa."

"Hata wewe uliombewa."

Nikamwambia ana haki ya kunizuia, na akisema nifute, nitafuta, ingawa moyo wangu haukutaka.

"Mwonyeshe," akasema. "Mimi siwezi kumwambia kwa mdomo."

Kesho yake Sista Omosede alikubali kupigwa picha kliniki. Alichukua mwanasesere na mfuko wa kitambaa. Akamweka mwanasesere ndani, amelala upande hadi upande. Akasema, "Mlango uko chini. Mtoto huyu hawezi kupita hata mama asukume vipi. Chupa ikipasuka, kitovu au mkono unaweza kutangulia. Mji wa mimba unaweza kuchanika, mkawapoteza wote wawili. Hakuna aliyekosa hapa, si mama, si imani yake. Aje hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza. Na maombi aje nayo, mlangoni hatumnyang'anyi mtu."

Osahon aliunga vipande vikawa dakika tisa. Nilitaka akate ule ukimya wa mama mkwe. Akakataa. Tukawaonyesha kwanza wote waliomo, mama mkwe akiwa wa mwisho. Hakuomba kitolewe hata kipande kimoja.

Tulimwonyesha Esohe mchana, nyumbani kwake. Zilibaki siku nne. Mama yake aliketi kando yake. Filamu ilipokwisha, Esohe hakunitazama mimi.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanipeleka?"

"Nilikuwa naogopa watu," mama akasema. "Twende hospitali, mwanangu. Mimi nitabeba mkoba."

Siku iliyopangwa Esohe alipasuliwa. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, sauti ya kuamsha mtaa. Mama mzima, mtoto mzima. Nosa naye aliitazama filamu, akaniomba radhi kwa kile kicheko. Nikamwambia amechelewa, ila nimepokea.

Mama mkwe hajaniomba radhi. Namwambia kila mtu hivyo, naye anasikia.

Sista Omosede aliomba filamu aionyeshe kliniki kila Jumanne. Niliwauliza waliomo, mama mkwe pia, wakakubali. Jumanne ya kwanza walijaa wajawazito. Mama mkwe aliketi nyuma na mjukuu wake mapajani. Alipojiona kwenye skrini akisema hakuna kisu kilichomgusa, msichana mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Huyu bibi ana roho mbaya." Wenzake wakaguna.

Nitasema ukweli wangu: nilifurahi. Nikasema moyoni, na wewe leo onja kusemwa.

Mama mkwe akasubiri filamu iishe. Kisha akasimama, akanipa mtoto, akaenda mbele mpaka kwa yule msichana.

"Bibi huyo ni mimi," akasema. "Umemaliza kunisema? Sasa sogea, nikueleze mwanangu alivyokufa, ili wako asife."

Msichana akamsogezea kiti.