Koti Lililobaki Kiwandani

Kuku alitoka kwenye tenga kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Alipita chini ya meza ya mkata tiketi, akaruka juu ya gunia la vitunguu, na alipokosa pa kukanyaga akatua kwenye mkono wa msichana aliyekuwa anashuka kwenye basi la Dodoma. Kwenye mkono huo kulikuwa na koti jeupe lililokunjwa vizuri. Juu ya koti hilo kuku akafanya alichofanya.

"Jamani!" alilia msichana. "Jamani, koti langu!"

Stendi ya Misuna ilikuwa imejaa asubuhi hiyo. Upepo wa Singida ulikuwa unapeperusha vumbi na mifuko, na wapiga debe walikuwa wanacheka. Kijana mmoja mrefu, ovaroli yake ina madoa ya mafuta, alikuja mbio akamkamata kuku kwa mbawa.

"Samahani, dada. Samahani sana. Huyu kuku hana adabu. Ni wa Kiomboi."

"Na wewe ni wa wapi?"

"Wa Kiomboi pia."

Msichana hakutaka kucheka, lakini alicheka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu na nywele zake zilisukwa mistari myembamba iliyoshuka hadi shingoni. Kijana alimtazama, kisha akaona aibu akatazama koti. Kwenye mfuko wake jina lilikuwa limedariziwa kwa uzi wa bluu: Klara Alute.

"Kumbe nimemchafua dokta!"

"Mwanafunzi," alisema Klara haraka. "Mwaka wa tatu tu."

"Mimi naitwa Zefania. Hawa kuku nilikuwa namtumia shangazi Dodoma. Nipe hilo koti nikalifue."

"Unajua kufua wewe?"

"Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Kila siku natoa mafuta kwenye nguo. Haya ya kuku ni madogo."

"Na ukipotea nalo?"

"Chukua namba yangu, nami nipe yako. Na kuku baki naye kama dhamana."

Klara alicheka tena, akampa koti. Kuku hakumtaka. Zefania alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa pia mtu wa kuona, na aliona jambo moja: yule dada alilitoa lile koti kama mtu anavyotua ndoo ya maji kichwani baada ya kutoka mbali.

*

Nyumbani kwao, Unyambwa, habari zilikuwa zimemtangulia. Kabla hajanawa uso, jirani mmoja alikuja na magoti yake, wa pili na presha ya mumewe ambaye hakuja mwenyewe. Wote walimwita Dokta. Walikuwa wanamwita hivyo tangu siku alipochaguliwa chuo kikuu, kabla hata hajapanda basi.

Baba yake, Mzee Alute, alikaa pembeni akitabasamu. Mama alikuwa Ihanja akimuuguza bibi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili tu.

"Na koti umekuja nalo?" aliuliza baba.

"Nimekuja nalo, baba. Limechafuka njiani. Liko kwa mtu analifua."

"Basi vizuri. Jumapili ya mavuno utasimama mbele ya kanisa umelivaa. Nimeshamwambia mchungaji. Watu wamekuombea miaka mitatu, wakuone."

Jumapili ya mavuno ilikuwa imebaki wiki tatu. Klara alisema, "Sawa, baba," akaenda jikoni, akasimama pale bila kukumbuka alichofuata.

Jioni ya pili simu ikaita.

"Dokta, koti limekauka. Limekuwa jeupe kuliko lilivyotoka dukani. Nilete wapi?"

"Usilete bado," alisema Klara. "Kaa nalo kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Kwanza tu. Na usiniite Dokta, tafadhali."

"Haya, nikuiteje?"

"Nina jina."

"Klara," alisema Zefania, polepole, kama anaonja uji wa moto. "Sawa. Koti litakaa. Lakini mimi siwezi kukaa kama koti. Naruhusiwa kupiga simu?"

Aliruhusiwa. Alipiga kesho yake, na kesho kutwa, kila siku akianza na taarifa za koti. Leo koti limeshinda vizuri. Leo koti limeuliza mwenyewe yuko wapi. Klara alikuwa anajifungia chumbani na kucheka uso ukiwa kwenye mto wa kulalia, na Mzee Alute, akikoka moto nje, alikuwa anamsikia na kudhani ni wenzake wa chuo.

*

Jumamosi ya pili walikutana kando ya Ziwa Singidani. Zefania alikuja na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, lakini harufu ya alizeti iliyokaangwa ilikuwa haimtoki. Klara aliipenda harufu hiyo ila hakusema. Walikaa juu ya jiwe kubwa, karanga za kuchemsha katikati yao.

"Kwa nini hulitaki koti lako?" aliuliza Zefania.

Klara alimenya karanga moja, akamenya ya pili, hakula hata moja.

"Mwezi wa tano walitupeleka wodi ya watoto," alisema. "Kulikuwa na mama mmoja, mtoto wake ana miaka minne. Akanishika mkono. Akaniuliza, 'Dokta, mwanangu atapona?' Mimi nilikuwa sijui lolote, Zefania. Nilikuwa nimetumwa kuleta faili. Nikamwambia ndiyo."

Upepo ulivuma juu ya maji.

"Alhamisi nilipita pale, kitanda kimetandikwa shuka jipya. Tangu siku hiyo sijaingia wodini. Nafika mlangoni, miguu inakataa. Nimeanza kujiuliza kama hii kozi ni yangu au ni ya watu wa Unyambwa."

"Chuoni wanajua?"

"Mshauri wa wanafunzi anajua, Bi Emiliana. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za maktaba, akaniita ofisini kwake, akanipa chai. Ananiambia kuwa na mashaka si kosa. Wapo wenzangu wanakutana kwake kila wiki, wengine wa sheria, wengine wa uhandisi, kila mtu na mashaka yake. Anasema naweza kuendelea, au kuhama kozi, au kuahirisha mwaka mmoja nipumzike. Ila amesema nisiamue kabla sijaongea na mtu wa nyumbani. Anataka jibu likizo ikiisha."

"Na hujaongea."

"Baba anataka nivae koti kanisani."

Zefania alishusha pumzi. "Mimi nilisoma uhandisi Dar," alisema. "Mwaka wa pili nikaacha. Sikumwambia mtu. Miezi minane, mama yangu akawa anatuma mzigo kwa basi kutoka Kiomboi: unga, karanga, kuku wa kukaushwa. Mimi naenda stendi kuupokea kama mwanafunzi, narudi nao nilikopanga. Siku moja akapanda basi na mzigo wake, akaenda mpaka hosteli, akaulizia chumba namba kumi na nne. Wakamwambia mtu huyo hayupo tangu mwaka jana."

"Mungu wangu. Alikugombeza?"

"Ningefurahi angenigombeza. Aliuliza tu, 'Ule unga ulikuwa unaulia wapi, mwanangu?'"

Klara aliweka mkono wake juu ya mkono wa Zefania.

"Sijutii kuacha," alisema Zefania. "Mashine nazipenda, darasani sikuzipenda. Najutia ule unga. Sasa nikuulize, Klara. Unaukimbia udaktari, au unamkimbia yule mama?"

"Sijui."

"Basi sitakwambia cha kufanya. Lakini mwambie baba yako wewe mwenyewe."

"Nitamwambia kabla ya Jumapili ya mavuno. Naomba jambo moja tu. Koti lisifike nyumbani kabla sijamwambia. Likifika, nitalivaa. Najijua, nitalivaa."

"Halitafika."

"Niahidi."

"Nakuahidi, mpenzi," alisema, na neno lile lilimtoka kabla hajalipima. Wote wawili wakatazama maji.

*

Siku zikapita, na kila siku Klara alikuwa anaandaa maneno asubuhi na kuyameza jioni. Jumamosi ikafika, kesho ni mavuno. Baba alikuwa ametoka tangu asubuhi na magunia ya alizeti kwenye mkokoteni wa punda. Alirudi alasiri na madumu ya mafuta. Juu ya madumu, ndani ya mfuko safi wa nailoni, kulikuwa na koti.

"Nimelikuta kiwandani," alisema baba. "Limening'inizwa ukutani kwenye ofisi ya fundi, jina lako linaonekana mpaka mlangoni. Sasa kesho tuko tayari."

Klara alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga simu.

"Klara, nisikilize, baba yako..."

"Nilikuomba jambo moja tu."

"Najua. Lakini alipofika..."

"Wewe ni kama wote. Unamtaka Dokta. Klara humtaki."

"Klara!"

Alikata, akazima simu. Kule kiwandani Zefania alijaribu mara sita. Mashine ilikuwa inanguruma, mashudu ya alizeti yanamwagika sakafuni, naye amesimama na simu mkononi kama mtu aliyeambiwa ngoja.

Jua lilipoanza kushuka, Klara alimpelekea baba maji ya kunawa. Kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda. Baba alikula matonge mawili, akaacha.

"Yule fundi," alisema, "ni nani wako?"

"Si mtu, baba."

"Kama si mtu, mbona aligombana na mimi?"

Klara aliinua uso.

"Aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia nipe koti la mwanangu. Akasema, 'Mzee, naomba mwenyewe aje alichukue.' Nikamwambia mimi ni baba yake. Akasema, 'Najua, mzee, ndiyo maana naomba kwa heshima.' Akasimama mbele ya lile koti kama polisi. Watu wamejaa, wananitazama! Nikamsukuma, nikalichukua mwenyewe." Mzee Alute alikuna ndevu zake. "Njia nzima najiuliza. Kijana hanijui, simdai, hanidai. Kwa nini akubali kusukumwa kwa ajili ya koti? Nikaona kuna kitu anakilinda. Na kitu hicho si koti."

Klara alikaa chini, pale pale kwenye mkeka. Maneno aliyoyaandaa wiki tatu yote yalimpotea, kwa hiyo alisema yaliyobaki. Alimweleza wodi, yule mama, kitanda chenye shuka jipya, miguu inayokataa mlangoni. Alimweleza Bi Emiliana na chai yake.

Alipomaliza, baba aliuliza jambo moja tu.

"Kwa nini ulimwambia yule mama kuwa mtoto atapona?"

"Kwa sababu alinitazama kama wewe unavyonitazama, baba."

Mzee Alute aliinuka. Alitoka akaenda kwenye banda la kuku, akasimama huko akiwahesabu kuku ambao walikuwa wameshahesabiwa. Klara alisikia anakohoa kwa namna ambayo si ya kikohozi. Aliporudi, alilichukua koti kwenye kiti, akalikunja taratibu kwa mikono yake migumu, akalirudisha mfukoni.

"Mimi nilikuita dokta mapema mno," alisema. "Ilikuwa furaha. Sikujua ni mzigo." Kisha akaongeza, "Kesho tutashukuru kwa alizeti. Alizeti imeshavunwa. Wewe bado, na mtu havuni kabla ya wakati. Nitamwambia mchungaji."

"Watu watauliza."

"Wataniuliza mimi. Na huyo Bi Emiliana, ukifika kwake, nipigie niongee naye. Nataka kumshukuru kwa ile chai."

Klara alimshika baba yake miguu akalia, na baba akamwambia ainuke, ugali unapoa.

*

Jumatatu asubuhi, stendi ya Misuna. Zefania alifika mbio, ovaroli haijafungwa vifungo vyote. Ujumbe alioupata ulikuwa na maneno mawili: Njoo stendi.

Klara alikuwa amesimama kando ya basi la Dodoma, na mfuko wa nailoni mkononi.

"Baba ameniambia alivyokusukuma," alisema. "Nisamehe, Zefania."

"Mzee ana nguvu. Bega bado linauma."

"Nisamehe kwa niliyosema kwenye simu."

"Hayo ndiyo yaliuma zaidi," alisema kijana, na hakuwa anatania. Kisha uso wake ukalainika. "Yamepita. Umeamua nini?"

"Uliniuliza namkimbia nani. Nadhani ni yule mama. Lakini sina uhakika, na nikiendelea kukimbia sitajua. Naenda kuomba mwaka mmoja wa kupumzika. Baba amekubali. Nikikabidhi barua narudi hapa, na kila wiki nitaongea na Bi Emiliana kwa simu. Mwaka ukiisha nitaenda mpaka mlango wa wodi, nione miguu inasemaje."

Akampa mfuko.

"Kaa nalo kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mwaka. Naweza kulifuata. Naweza pia kukwambia ulishone pazia."

"Nitakuwa nalifua kila mwezi. Ukilihitaji, lisinuke mashudu." Aliupokea mfuko kwa mikono miwili. "Lakini elewa kitu kimoja, Klara. Ukilivaa, nakupenda. Likiwa pazia, nakupenda, na dirisha nitalitafuta mimi."

Kondakta alipiga bodi la basi. Klara alipanda, akageuka mlangoni, aibu imemjaa usoni.

"Nilisahau salamu za baba. Anasema safari nyingine asikukute na koti. Akukute na mshenga."

Mlango ukafungwa. Basi lilikuwa halijatoka hata mjini wakati simu ya Klara ilipoita. Nyuma ya sauti ya Zefania alisikia wapiga debe na upepo.

"Klara. Mshenga akija kwenu Unyambwa, anakuja na nini?"

Klara alifunika mdomo kwa kiganja ili abiria wasimwone anavyocheka.

"Na kuku," alisema. "Ila awe mwenye adabu."