Labeka ya Moinaecha

Jumatatu moja ya mwaka 1986, ua wa zahanati ya kifua kikuu pale Magoudjou, mjini Moroni, ulijaa watu hadi barabarani. Watu walikohoa, teksi zilipiga honi, na Fakri, karani mpya mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi hadi kwenye vifungo, alisoma orodha ya dawa dirishani kwa mbwembwe.

"Moinaecha Msa."

"Labeka."

Aliyeitika alikuwa msichana aliyejitanda shiromani, ile shuka nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Kinzwani, uso mzima umepakwa msindanu, urembo wa manjano wa msandali uliosagwa. Alichelewa kidogo kujibu na alitazama nyuma kwanza, kana kwamba anampisha mtu.

"Mbona unaitika kama umeazimwa jina, bibi?" Fakri alimtania.

"Toa vidonge, bwana kalamu. Utani hautibu mapafu."

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, na Fakri akampenda pale pale. Sina haja ya kuzunguka, alimpenda.

Basi kila Jumatatu walitaniana dirishani. Msaada wa dawa ulikuwa umepunguzwa, na amri ilikuwa imebandikwa ukutani: jina jipya haliandikwi, na anayeitwa mara tatu bila kuitika anafutwa. Wizarani hawakusema wanapunguza watu. Walisema wanasafisha orodha.

Idi Kubwa ilipokaribia, msichana alipewa vidonge vya wiki mbili akale sikukuu kwao Mutsamudu, kisiwani Nzwani.

"Nipigie simu Alhamisi alasiri," alisema, "dukani kwa Mouhidine, mtaa wa Hombo. Sema unamtaka binti wa Msa. Jina langu usilitaje."

"Kwa nini?"

"Usilitaje tu, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimfanya Fakri asahau yote yaliyotangulia.

Alhamisi Fakri alisimama posta, nyuma yake mzungu mwenye sare nyeusi, mmoja wa wale mamluki walioishika nchi, akigongagonga buti kwa kutaka simu. Akababaika.

"Namtaka Moinaecha Msa."

Upande wa pili alijibu Mouhidine. "Unamtaka nani, mwanangu? Moinaecha tulimzika mwezi wa Rajabu. Jeneza nililibeba mimi."

Kisha, kwenye waya huo huo, mbali sana nyuma ya mzee, sauti ya mwanamke ikasema, "Labeka."

Fakri akaiacha simu inaning'inia.

Msichana aliporudi, Fakri alimsogezea vidonge kwa ncha ya rula, macho chini. Hivyo kwa wiki tatu. Wiki ya nne msichana alingoja ua uishe watu, akaja dirishani.

"Umechoshwa na kikohozi changu, Fakri? Sema, niondoke na aibu yangu."

"Wewe ni nani?"

"Kumbe ni hilo." Akashika pindo la shiromani, akaufuta msindanu. Uso uliobaki ulikuwa mwembamba, una jasho. "Naitwa Zoubeida. Moinaecha ni dada yangu. Alingoja zamu kwenye orodha miezi minane. Barua ya kumwita ilifika siku ya arobaini yake, watu wamekaa kwenye hitima. Mimi nilishaanza kutema damu, na ninyi majina mapya hamyaandiki. Mama akanipa barua na shiromani ya marehemu, akasema nenda ukaitike."

"Nilisikia sauti kwenye simu."

"Hata mimi humsikia. Kila unapolitaja jina, yeye huitika kwanza. Ndiyo maana huwa nachelewa."

Kazi ya Fakri ilikuwa kulipiga mstari jina lile. Aliichukua kalamu, akaifunga kifuniko, akaitia mfukoni.

"Aliyeniita mpenzi ni nani kati yenu?"

"Moinaecha hakupenda makarani."

"Basi nitakuoa wewe."

"Kwa jina lipi? Kadhi akimtaja Zoubeida, watu watajua, na dawa itakatika. Imebaki miezi saba. Sasa na wewe uko kwenye orodha, bwana kalamu. Ngoja zamu yako."

Akangoja. Desemba wizara ikatuma mkaguzi, akasimama begani kwa Fakri na wino mwekundu. Asubuhi hiyo askari walikuwa wameziba barabara, na Zoubeida hakuonekana uani.

"Moinaecha Msa."

Kimya.

"Moinaecha Msa."

Mkaguzi akasogeza kalamu kwenye karatasi. Fakri alijua kuwa mstari huo ukishapigwa, Zoubeida hatapona. Akaita mara ya tatu.

"Labeka."

Ilitoka dirishani kabisa, karibu kiasi cha kumgusa, pamoja na harufu ya msindanu mbichi. Mkaguzi, bila kuinua macho kwenye karatasi, akashuka kwenye jina linalofuata. Fakri aliweka vidonge kwenye kizingiti, kisha akainua macho. Hapakuwa na mtu.

Ndipo Zoubeida akaingia getini anakimbia, viatu mkononi.

"Umeshaniita?" alinong'ona.

"Umeshaitika."

Alivitazama vidonge kwa muda mrefu, akaelewa, akalia bila kujificha. "Hakupenda kuchelewa," alisema.

Aprili alimaliza dozi. Fakri aliufungua wino mwekundu, akalipiga mstari jina la Moinaecha Msa, akaandika kando: amefariki. Mwezi uliofuata alikwenda Mutsamudu na sanduku lake, kwani kwao mume ndiye anayehamia kwa mke.

Siku ya ndoa mashahidi walipanda ghorofani kumwuliza bibi harusi. Fakri alibaki chini ya ngazi na kanzu yake mpya, anasikiliza.

"Zoubeida binti Msa."

"Labeka."

Ilikuwa sauti moja tu. Fakri alifurahi, kisha akahuzunika, kwa sababu mkono wake ndio uliomfuta yule mwingine. Juu, mashahidi waliuliza kama amekubali, wakarudia kuuliza. Zoubeida alikuwa ametazama nyuma, akinyamaza kidogo, akimpisha dada yake aitike kwanza.