Nguvu Huanza Kichwani

Kila asubuhi huko Simi-Simi, kabla hata chai haijachemka, Hadidja alianza vita na mkono wa mumewe. Aliupaka mafuta, akauvuta juu, akaukunja, akaukunjua. Mwanamke huyu hakujua kufanya jambo polepole.

Mumewe, Mohamadi, alikuwa fundi wa baiskeli. Toleka nyingi za mtaa, zile baiskeli za kubeba abiria, zilipita mikononi mwake. Kisha akapatwa na kiharusi. Hospitalini waliokoa maisha yake, wakampa vidonge vya shinikizo la damu, lakini mkono wa kulia ulibaki dhaifu. Vidole vilicheza kidogo tu. Hata kijiko kilimshinda.

"Mama Nuru," alimwambia mkewe, "Yusufu akimaliza kuvuna mupunga, akuje kubeba sanduku ya vyombo ya kazi. Kazi yangu iliisha."

Yusufu alikuwa mdogo wake, mkulima wa Bengamisa. Hadidja alikwenda jikoni akalia. Bila spana zake, mumewe angekuwa nani?

Kesho yake akaja Lydie, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitalini. Alimkuta Hadidja yuko vitani.

"Inua, papa! Vite, vite!" Hadidja alimharakisha, huku akiuvuta mkono mwenyewe.

"Mama, ngoja kwanza," Lydie alisema. "Nani iko nafanya kazi hapa, wewe ao papa?"

"Mimi! Yeye hana nguvu."

Lydie hakubishana. Alitoka nje, akarudi na bidoni nyeusi, dumu la maji. Aliibeba kwa mikono miwili, akiguna.

"Mama, nisaidie. Weka hii kwa meza."

Hadidja alijikaza, akainyanyua kwa nguvu zote. Bidoni ikaruka, nusura impige puani. Ilikuwa tupu! Mohamadi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka tangu augue.

"Ile nguvu yote ilitoka wapi?" Lydie aliuliza.

"Niliwaza imejaa!"

"Voilà. Ubongo ilipima kazi mbele ya mukono kuanza. Inatayarisha amri, kisha inaituma kwa misuli. Ikitayarisha muzuri, nguvu inakuja. Kwa papa, ile njia iliumia. Lakini ukivuta wewe kila mara, ubongo yake haina kitu ya kujifunza."

"Donc ni mimi niliharibu?"

"Apana, mama. Ulitaka kumusaidia. Sasa umupe nafasi."

"Mukono itapona yote?" Mohamadi aliuliza.

"Siwezi kuahidi, papa. Wengine wanapona sana, wengine kidogo. Lakini tujaribu kila siku. Na vidonge ya tension usiache."

Akamwekea kitambaa kilichoviringwa kiganjani, akamwelekeza. Angalia mkono. Fikiria unaminya kwa nguvu zote. Hesabu moja, mbili, tatu. Halafu minya. Pumzika, urudie. Hadidja asaidie kidogo tu, na baada ya mumewe kuanza mwenyewe.

Kungoja kulimtesa Hadidja kuliko kuvuta. Siku za kwanza alikalia mikono yake mwenyewe ili asimguse mumewe. Wiki ya kwanza ikapita bure. Wiki ya tatu, kitambaa kikaminywa. Mwezi wa pili, Mohamadi akashika kijiko, akamwaga supu, wakashangilia hata hivyo. Mwezi wa tatu, akaomba spana.

Siku hiyo hiyo Yusufu akafika na gunia la mchele, tayari kulichukua lile sanduku. Gurudumu la nyuma la baiskeli yake lilikuwa limelegea.

"Nitafunga mimi, yaya. Wewe pumzika," alimwambia kaka yake.

Mohamadi alijisogeza karibu na gurudumu. Aliishika spana kwa mkono wa kulia na kuiweka kwenye nati. Aliutazama mkono. Moja. Mbili. Hadidja alibana pumzi. Tatu! Spana ikazunguka. Akapumzika, akakaza tena, na tena, akiiegemea spana kwa uzito wa mwili wote.

"Bon, jaribu kufungua," alimwambia mdogo wake.

Yusufu, mwenye mikono ya jembe, akaivuta spana mpaka uso ukamwiva. Nati haikutikisika.

"Yaya, hii nati mimi siwezi!"

Hadidja akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akaliburuta sanduku la vyombo, akalisogeza miguuni pa mumewe.

"Shemeji, asante kwa muchele," alisema. "Lakini sanduku haitoke hapa. Fundi iko na kazi."