Bomba Lililoitwa Dhahiri

Kila asubuhi Mama Bomba huwasha mashine. Plastiki huyeyuka, husukumwa, kisha hutokea kwenye tundu la chuma kama dawa ya meno kwenye tyubu. Hapo huwa bomba.

Mafundi wengine hulitumbukiza bomba la moto moja kwa moja kwenye maji baridi. Mabomba yao hupasuka upesi. Mama Bomba alijaribu na kuharibu, mpaka akapata njia. Kwanza hulipitisha kwenye maji ya uvuguvugu huku akipuliza hewa ndani yake. Maji baridi huja baadaye. Bomba lake halipasuki.

Aliomba hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitumie ubunifu wake bila ruhusa. Ofisi ya hataza ikamkatalia: “Njia hii ni dhahiri kwa fundi wa kawaida.”

“Dhahiri?” alimwuliza mumewe. “Mbona mimi ilinitoa jasho?”

Mumewe alikuna kichwa. “Huyo fundi wa kawaida anakaa mtaa gani? Tukamwulize.”

Wakaenda kwa jirani yao, mwanamke wakili wa hataza, na mume akauliza swali lile lile.

Wakili akacheka. “Shemeji, huyo fundi hayupo. Ni mtu wa kufikirika tu.”

“Tumeshindwa na mtu asiyekuwepo?” Mama Bomba alizidi kuchanganyikiwa.

“Sikiliza, dada. Ukishaonyeshwa njia, kila kitu ni rahisi. Swali ni hili: kabla hujaomba hataza, fundi anayejua yaliyojulikana wakati huo angekuwa na sababu ya kufanya ulivyofanya?”

“Lakini maji ya uvuguvugu yalijulikana. Hewa pia.”

“Kujulikana peke yake hakutoshi. Vitabu vya kazi yenu vinasemaje?”

“Vinaonya! Eti uvuguvugu hulegeza bomba, likabonyea.”

“Basi! Nani angeshika njia aliyokatazwa? Kateni rufaa kabla muda haujapita.”

Mbele ya baraza la rufaa, Mama Bomba alisimama. Alieleza jinsi hewa inavyozuia bomba lisibonyee. Wakili akaonyesha vitabu vyenye onyo. Baraza likatengua uamuzi wa ofisi, na hataza ikatolewa.

Haukupita muda, mwenye kiwanda kikubwa akabisha hodi.

“Mama, tunaomba ruhusa ya kutumia njia yako.”

Mama Bomba alimtazama mumewe, kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha akavuta kiti.

“Karibu ukae,” akasema. “Ngoja nimwite wakili wangu.”