Maji Yaliyopoa Kuliko Chumba

Ndugu wasomaji, wazazi, walezi na wanasayansi wote mlioko ndani na nje ya Wilaya ya Same: mimi, Gideoni Msuya, mwanafunzi wa kidato cha tano, ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba nimegundua sheria mpya ya fizikia. Sheria yenyewe inasema hivi: maji ya moto yakifunikwa vizuri na kuachwa chumbani hupoa, hupoa, hupoa, mpaka yawe baridi kuliko chumba chenyewe.

Sheria hiyo ilizaliwa Jumamosi jioni. Jumatatu asubuhi Mwalimu Jenifer aliizika kwa kalamu nyekundu, na mfiwa nilikuwa mimi peke yangu.

Shule yetu ni ya bweni, nayo iko mlimani, juu ya mji wa Same. Ukisimama uwanjani unaiona tambarare yote chini, na huko watu wanajipepea kwa joto. Sisi huku, mwezi wa Julai, tunavaa sweta juu ya sweta, na ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi. Maji ya bomba letu yanatoka kwenye ndiva, lile bwawa la mlimani ambalo wazee walilichimba zamani ili kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Yanafika bafuni yakiwa na ubaridi wa kukukumbusha dhambi zako zote. Kwa hiyo wengi wetu tunanawa uso na kutangaza kwamba tumeoga.

Mpishi wetu, Mama Agatha, huamka kabla ya majogoo ili awashe kuni za uji. Anapika amezungukwa na moshi, na kifua chake kimekuwa kikimsumbua kwa kikohozi. Hata hivyo hajawahi kutunyima utani.

"Shikamoo, Mama Agatha."

"Marahaba, Gideoni. Umeoga?"

"Nimeoga, mama."

"Umeoga macho," hunijibu, kisha huniongezea uji. Ningekuwa na medali, ningemvika.

Muhula huo Mwalimu Jenifer, anayetufundisha fizikia, alitupa kazi ya makundi. "Chagueni jaribio moja la kitabuni," alisema, "kisha mlibadilishe. Niambieni mmebadilisha nini na kwa sababu gani, mpime, halafu mniandikie ripoti. Msiniandikie yaliyomo kitabuni. Kitabu ninacho."

Kundi letu lilikuwa na watu watatu. Asteria anatoka Suji, na huchukulia kila jambo kwa uzito, hata mimi. Athumani anatoka Same mjini, naye ndiye mtunza vifaa vya maabara. Ufunguo wa maabara huuvaa shingoni kwa uzi, na nadhani hulala nao. Wa tatu ni mimi, mzaliwa wa Ugweno, mwenye kipaji cha kukaa.

Tulichagua jaribio la kupoa kwa maji. Kitabuni unaweka maji ya moto kwenye kikopo kidogo, unayapima kwa kipimajoto kila baada ya nusu saa, kisha unachora grafu kuona yanavyopoa. Aliyelibadilisha ni Asteria.

"Tuache kikopo, tuchukue sufuria ya jikoni," alisema. "Tuifunike, tuitie ndani ya boksi, halafu tulijaze boksi kitu cha kuzuia joto lisitoke. Likifaa, Mama Agatha atapika uji jioni na kulala mpaka kupambazuke. Uji utakuwa bado wa moto."

"Tulijaze nini?" nikauliza.

"Majani makavu ya migomba."

"Majani!" Athumani akadakia. "Watu wa mlimani bwana, kila kitu mgomba. Tuweke nyuzi za mkonge. Mkonge unasafiri mpaka Ulaya. Huo mgomba wenu umefika wapi?"

"Jana ulifika tumboni kwako," Asteria akamjibu, "na ukaomba uongezewe."

Ili kukata ubishi tukakubaliana kutumia sufuria tatu za ukubwa mmoja, zenye maji ya kiasi kimoja. Moja ikae tupu bila kuzungushiwa chochote, ya pili izungushiwe mkonge, na ya tatu majani ya migomba. Kila kitu kingine kibaki vilevile, ili mshindi akijulikana asiwe na kisingizio.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Wilbard, alipopata habari alituahidi jambo. Ripoti ikionyesha kwamba boksi linafaa, atamwita fundi seremala atengeneze sanduku kubwa la jikoni. Lisipofaa, basi, mambo yaendelee kama yalivyo. Mama Agatha alimsikia. Akatuazima sufuria zake tatu zilizo nzuri kuliko zote, akazisugua mpaka ungeweza kujitazama.

Jumamosi asubuhi tukazijaza maji yanayochemka. Asteria akapima joto la maabara kwanza: nyuzi kumi na sita. Akaliandika juu kabisa ya karatasi. Tulipima pamoja mpaka saa sita mchana. Kisha Asteria akaenda mazoezi ya kwaya, Athumani akaenda mpirani, nami nikaachiwa zamu mpaka jioni.

Maji ya sufuria tupu yalikuwa tayari vuguvugu. Ya mkonge yalikuwa yakishuka. Lakini nilipofunua sufuria ya majani, mvuke ulinipiga usoni kama salamu ya shangazi. Nikachovya kidole. Kidole kikaupa mkono habari, mkono ukauambia mwili, na mwili wangu, ambao haukuwa umeonana na maji ya moto tangu tufungue shule, ukasimama kudai haki yake.

Wasomaji wangu, hapo nitawaomba tupite haraka. Itoshe kusema kwamba baada ya muda nilirudi maabara nikiwa nang'aa, na sufuria ya majani haikuwa na tone la maji.

Nikaijaza maji ya bomba. Kisha nikawaza: Asteria akija jioni atapima mwenyewe, kwa hiyo lazima namba zangu zifike pale atakapopima. Kwa uaminifu mkubwa nikayapima yale maji ya bomba. Nyuzi kumi na mbili. Nikachukua rula, nikapiga mstari kutoka kipimo cha mwisho cha kweli mpaka kwenye kumi na mbili, na vipimo vyote vya mchana nikavichuma juu ya mstari huo kama mtu anayechuma kahawa. Sufuria nyingine mbili nilizipima sawasawa. Sikuwa mtu mbaya kabisa.

Jioni Asteria alitumbukiza kipimajoto mwenyewe. Akakisoma, akakirudisha tena, akakisoma tena.

"Majani yangu yameshindwa hata na sufuria tupu," alisema.

"Pole," nikamwambia kwa sauti ya msibani.

Nilidhani Athumani atamcheka. Badala yake alimshika bega. "Labda yalikuwa na unyevu, dada. Usijali. Umejaribu."

Ningependa kusema kwamba nilikiri papo hapo. Nilikwenda kula.

Asteria aliiandika ripoti Jumapili yote, akasema ukweli kama alivyoujua: majani hayafai, na mkonge unasaidia kidogo lakini hauwezi kuutunza uji mpaka asubuhi. Maana yake sanduku halipo. Alipopita jikoni kumrudishia Mama Agatha sufuria, alishindwa kumtazama usoni.

Jumatatu Mwalimu Jenifer akatuita maabara. Ripoti ilikuwa mezani, nayo ilikuwa na wekundu mwingi.

"Hii sufuria ya majani," alisema. "Maji yalianza yakiwa yanachemka?"

"Ndiyo, Mwalimu," tukaitikia.

"Na chumba kilikuwa nyuzi kumi na sita."

"Kutwa nzima, Mwalimu," alisema Asteria. "Nilipima asubuhi na jioni."

"Kitu cha moto hutoa joto lake mpaka kilingane na chumba, kisha kinasimama hapo. Haya yenu hayakusimama. Yamefika kumi na mbili. Huo ubaridi wa ziada yameutoa wapi?"

Mwalimu akaigeuza ripoti kuelekea kwetu.

"Tena tazameni grafu. Maji hupoa haraka yakiwa ya moto sana, halafu mwendo unapungua. Mstari wake ni kama mlima wetu: mkali huku juu, ukikaribia tambarare unalala. Haya ya zamu ya Gideoni yameshuka moja kwa moja, kama kwa ngazi."

Nikajikohoza kama mbunge. "Kwa mtazamo wangu, Mwalimu, kipimajoto kina hitilafu."

Mwalimu Jenifer akamgeukia Athumani. "Vifaa viko chini yako. Kama kipimajoto ni kibovu, ulipaswa kukikagua kabla. Nipe ufunguo."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Athumani hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaanza kuutoa ule uzi shingoni. "Samahani, Mwalimu," alisema taratibu. "Sikujua kama kimeharibika."

Alikuwa anaomba msamaha kwa kosa langu, na uzi ulikuwa umemnasa sikioni. Sijui kwa nini sikio lile ndilo lililonishinda.

"Kipimajoto ni kizima, Mwalimu," nikasema. "Namba za mchana za sufuria ya majani nilizitunga mimi."

Asteria alinitazama, na ningependelea anizabe kofi. Mwalimu alimwashiria Athumani auvae ufunguo wake tena, kisha ndipo akanigeukia.

"Kwa nini?"

"Maji... yalipungua, Mwalimu."

"Sawa. Kila ripoti ina sehemu ya makosa yaliyotokea. Utaiandika wewe, na utaisoma mbele ya Mkuu. Jumamosi mtarudia jaribio lote."

Angeweza kunirudisha Ugweno nikamlete baba. Angeweza kulipatia kundi zima sifuri. Alitupa Jumamosi nyingine, na mpaka leo namshukuru kila nikisikia jina lake.

Jumamosi hiyo hakuna aliyekwenda kwaya wala mpirani. Athumani aliweka kiti chake kati yangu na sufuria, akakaa kama askari wa benki. Asteria alinisemesha saa nne asubuhi, kuniambia nisogee. Saa nane alinipa nusu ya andazi lake, nikajua nimeanza kusamehewa. Jioni, sufuria tupu ilikuwa imepoa kabisa na ya mkonge ilikuwa vuguvugu. Asteria alipoifunua ya majani, mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani ya Mwalimu Jenifer, aliyekuja kushuhudia.

"Haya," Athumani akasema akiinua mikono, "leo mgomba umefika Ulaya."

Siku ya kusoma ripoti Mkuu wa Shule alikuja maabara, na Mama Agatha naye akaalikwa. Asteria alisoma vizuri mno. Alipomaliza, Mwalimu Wilbard alisema, "Fundi aje kesho." Mama Agatha alitafuta utani wa kusema, akaukosa. "Asanteni, wanangu," alisema tu, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nami niliangalia dirishani kwa muda.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilisimama, nikasoma: "Makosa yaliyotokea. Katika jaribio la awali kulijitokeza upungufu wa ghafla wa ujazo wa maji, uliosababishwa na mahitaji ya kibinadamu."

"Mahitaji gani hayo?" Mkuu akauliza.

"Ya... kimazingira, Mkuu."

"Gideoni. Maji yalikwenda wapi?"

Nikatazama dari. Dari haikuwa na la kunisaidia.

"Niliyaoga, Mkuu."

Mama Agatha alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Asteria akamletea maji. Hata Mkuu alilazimika kuvua miwani. Aliyebaki bila kucheka ni Mwalimu Jenifer, ingawa mdomo wake ulikuwa kwenye vita kali.

"Sikiliza, Gideoni, na ninyi wote," alisema. "Ungeandika kwamba maji yamemwagwa na vipimo vya mchana havipo, ripoti ingekuwa na tundu. Tundu linaonekana, na kinachoonekana kinazibwa. Namba ya uongo hakuna anayeiona. Kwa namba zako mama huyu angeendelea kuvuta moshi, mwenzako angepoteza ufunguo kwa kosa lisilo lake, na mwingine angeamini wazo lake zuri ni bovu. Mtu akikosea, aandike kosa lake. Hiyo nayo ni sayansi, na ndiyo sehemu yake ngumu."

"Nimeelewa, Mwalimu," nikasema, na kwa mara ya kwanza muhula huo nilikuwa nimeelewa kweli. "Asanteni wote. Namshukuru Asteria, namshukuru Athumani..."

Athumani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nina swali dogo kuhusu jaribio la awali. Jumamosi ile sabuni yangu ilikuwa mpya, jioni nikaikuta nyembamba kama kipande cha muhogo mkavu. Mtafiti alitumia sabuni ya nani?"

Macho yote yakanigeukia.

"Yako, ndugu yangu," nikasema. "Na taulo pia."